Armstrong, kijana wa pikipiki nyekundu aliyepigana na radio yenye kupanda na kushuka

Ukikaa asubuhi kwenye parkingi ya wamotari pale Kayna, hauhitaji kubeba radio. Kila pikipiki inakuja na yake. Bafle mbili ndogo zimefungwa karibu na gidoni, waya zinapita chini ya kiti mpaka kwenye betri, na sauti ya mtangazaji inafika mbele ya motari mwenyewe. Lakini kuna lalamiko moja lenye kila motari analijua: sauti inajipandisha na kujishusha. Pikipiki ikiwa imesimama, radio inasema kwa nguvu. Ikishika mlima kuelekea Kanyabayonga, sauti inafifia. Motari anaongeza. Kwenye kona ya pili inamlipukia masikioni, na mama aliyekaa nyuma na kuku wake anashtuka. Kuna wale walionunua chombo chenye kuandikwa kwamba kinajirekebisha sauti chenyewe, na hao njo wanalalamika kupita wengine.

Hili si jambo la muziki tu. Juni 2024, vita ilipofika Kanyabayonga na kuendelea mpaka Kayna na Kirumba, watu walijaa njiani kuelekea Lubero na Butembo, na habari ya barabara ilisikiwa kwa namna hiyohiyo, kwenye radio ndogo na kwenye pikipiki. Neno moja likimezwa na kelele, mtu anaweza kusikia kwamba njia imefunguliwa wakati mtangazaji amesema haijafunguliwa.

Basi leo tunaeleza maisha ya mtu aliyepoteza karibu kila kitu juu ya kuondoa kelele hiyo. Anaitwa Edwin Howard Armstrong. Amekufa zaidi ya miaka 70 sasa, lakini ukisema FM umesema kazi yake. Na tena, yeye mwenyewe alikuwa mtu wa pikipiki.

Alizaliwa New York, Marekani, tarehe 18 Desemba 1890. Baba yake, John, alifanya kazi ya vitabu kwenye tawi la Marekani la Oxford University Press. Mama yake, Emily, alikuwa mwalimu. Akiwa na umri wa karibu miaka 8 alishikwa na ugonjwa wenye kufanya viungo vitetemeke vyenyewe. Alipona, lakini shingo, bega na taya viliendelea kumrukaruka kila alipokuwa na wasiwasi, mpaka mwisho wa maisha. Alitolewa kwenye masomo karibu miaka 2. Mtoto wa namna hiyo anajifunza kukaa peke yake na kujitengenezea michezo yake.

Mwaka 1902 familia ilihamia Yonkers, kwenye nyumba inayotazama mto Hudson. Huko alisoma habari za Guglielmo Marconi, yule Mwitalia aliyekuwa anatuma alama bila waya kuvuka bahari, na akiwa na miaka 14 akakata shauri kwamba yeye pia atakuwa mvumbuzi. Chumba chake cha chini ya paa kilijaa waya na betri. Kisha akaona antena yake haitoshi, akajenga mlingoti kwenye kiwanja cha nyumba, mrefu karibu mita 38. Ili kuufikia juu alikuwa anajivuta kwa kamba, amekalia kipande cha ubao. Kupenda kupanda juu hakukumtoka kamwe, na tutaona kulimletea maneno na mkubwa mmoja.

Alipomaliza masomo ya sekondari, baba yake alimpa zawadi: pikipiki nyekundu ya aina ya Indian. Tangu mwaka 1909 alikuwa anapanda hiyo kila siku kutoka Yonkers mpaka iniversite ya Columbia, mjini New York, na kurudi jioni. Radio ya kuweka kwenye gidoni haikuwako. Radio yenyewe, kama tunavyoijua, haikuwako: watu walikuwa wanatia visikilizio masikioni na kukaza uso ili wapate kusikia kidogo tu.

Wakati huo kulikuwa tayari taa moja ndogo ya kioo ambayo Lee de Forest, Mmarekani mwingine, aliitengeneza mwaka 1906. Taa hiyo ilikuwa inaongeza nguvu ya alama kidogo, lakini hata de Forest hakueleza vizuri inafanya kazi namna gani. Armstrong alikaa nayo, akapima, akapima tena. Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi wa miaka 21, akafanya kitu ambacho kila mtu wa kanisani amekisikia bila kukijua. Unajua vile mikro ikisogezwa karibu na bafle inapiga yowe? Sauti inatoka kwenye bafle, inaingia tena kwenye mikro, inatoka na nguvu zaidi, inazunguka. Armstrong alirudisha alama iliyotoka kwenye taa mahali ilipoingilia, na akaizuia kidogo tu mbele ya yowe. Alama ikaongezeka mara nyingi sana. Vituo vya ng'ambo ya bahari vikasikika chumbani. Na akiiacha ipite mpaka kwenye yowe, taa ileile ilikuwa inatuma mawimbi yenyewe: kipokezi kimegeuka kuwa kitumaji.

Alikimbia kwa baba yake kuomba feza za kuandikisha uvumbuzi. Baba akasema amalize kwanza masomo. Tusimhukumu mzee, wazazi wangapi wa kwetu wangejibu tofauti? Kijana akafanya alichoweza: tarehe 31 Januari 1913 alitia mchoro wake muhuri wa ofisa, kama ushahidi. Maombi yenyewe aliyapeleka Oktoba mwaka huo, na akapewa hati Oktoba 1914. Lakini de Forest akaja na kusema wazo ni lake. Kesi ilianza, ikapita tribinali moja mpaka ingine, huyu anashinda leo, yule kesho, mpaka mwaka 1934 Korti Kuu ya Marekani ikamaliza kwa kumpa de Forest haki. Wafundi wa radio wengi waliona majaji hawakuielewa mashini. Armstrong alikuwa amepewa nishani ya kwanza ya heshima ya chama cha wainjinia wa radio mwaka 1917, juu ya kazi hiyohiyo. Baada ya hukumu ya 1934 alienda mbele ya wenzake ili airudishe. Wakakataa kuipokea. Wakamwambia ikae kwake, na ukumbi ukampigia makofi.

Turudi nyuma kidogo, kwenye vita ya kwanza ya dunia, kwa sababu huko njo habari ya sauti yenye kupanda na kushuka inaanzia.

Armstrong alipelekwa Paris kama kapiteni wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani. Usiku mmoja wa mabomu alijiuliza namna ya kutambua ndege za Wajerumani kabla hazijafika. Injini ya petroli inawasha mafuta kwa cheche, na kila cheche inatoa wimbi dogo la radio. Wewe motari unalijua wimbi hilo: njo ile trrrr inayoingia kwenye radio ukikoleza gazi. Armstrong alitaka kulisikia kutoka angani. Shida ni kwamba wimbi hilo lilikuwa la kasi sana, na taa za wakati ule hazikuweza kuliongeza nguvu.

Alitafuta njia ya kuzunguka, na mtu wa Butembo ataielewa haraka. Mfanyabiashara anapokea shilingi za Uganda kutoka Kasindi, franga za Kongo kutoka sokoni, na pengine feza ingine. Hahesabu kila moja kwa mashini yake. Anabadilisha zote kwanza kuwa dola, kisha anahesabu dola. Armstrong alichukua wimbi lolote linaloingia, akalichanganya na wimbi lingine linalotengenezwa ndani ya radio, likatoka wimbi moja la kasi ndogo, ileile kila siku. Hilo njo lilikuwa rahisi kuongeza nguvu, tena na tena. Mpango huo unaitwa supaheterodini. Lucien Lévy wa Ufaransa na Walter Schottky wa Ujerumani walikuwa karibu na wazo hilohilo wakati huo, na Lévy alikuja kumsumbua mbele ya sheria. Vita iliisha kabla mashini haijasaidia kuwinda ndege. Armstrong alirudi nyumbani akiwa meja, na nishani ya Ufaransa kifuani. Mpaka leo karibu kila radio, hata ile ndogo ya soko la Kirumba, imejengwa juu ya wazo la kubadilisha wimbi namna hiyo.

Lakini radio yenye nguvu ilileta shida mpya. Ukitoka kwenye kituo cha mbali na kuingia kwenye kituo cha karibu, sauti ilikuwa inaruka mpaka watoto wanalia. Usiku kituo cha mbali kilikuwa kinapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Dawa haikutoka kwa Armstrong. Ilitoka kwa kijana mwingine, Harold Wheeler, mwaka 1925. Wheeler alifanya radio ijipime yenyewe: wimbi likija na nguvu nyingi, radio inapunguza kazi ya sehemu zake za mwanzo; wimbi likidhoofika, inaziongeza. Mwaka 1929 kampuni ya Philco iliuza radio zenye mpango huo, na baada ya hapo hakuna aliyetaka radio bila hiyo.

Ni sawa na mwalimu wa kwaya anayeongoza kwa mkono. Kwaya ikizidisha, anashusha mkono, ikidhoofika, anainua. Vizuri sana. Lakini kwaya ikinyamaza kabisa, mkono unabaki juu, na unaanza kusikia kikohozi, watoto wanaolia nje, mvua kwenye mabati. Hapo njo udhaifu wa kujirekebisha kwa sauti: chombo hakijui tofauti ya neno na kelele. Kinajua nguvu tu. Ukiingia nyuma ya mlima kituo kikapotea, kinafungua mlango wote, na kelele inaingia kwa nguvu ya mtangazaji.

Armstrong aliona kwamba kuipima kelele haitoshi. Alitaka isiingie.

Wakati huo alikuwa tajiri. Mwaka 1922 kampuni kubwa ya RCA ilinunua uvumbuzi wake mwingine kwa dola 200 000 na hisa 60 000, na baadaye akawa mtu binafsi mwenye hisa nyingi kuliko wote ndani ya kampuni hiyo. Mkubwa wa RCA, David Sarnoff, alikuwa rafiki yake. Armstrong alikuwa anaingia ofisini kwake mara kwa mara, na watu wakaelewa kwamba hakuwa anakuja juu ya Sarnoff peke yake: alikuwa anamwangalia sekretere, Marion MacInnis. Ili amfurahishe, alinunua motokari ya Hispano-Suiza. Na Mei 1923 alipanda mnara wa RCA uliokuwa juu ya jengo refu la New York, akaning'inia pale zaidi ya mita 120 juu ya barabara, akapigwa picha. Sarnoff alikasirika na kumkataza kukanyaga tena pale. Marion aliolewa naye Desemba mwaka huo. Zawadi ya arusi ilikuwa radio ya supaheterodini yenye mkono wa kubebea, kubwa kama valizi, na wakaenda nayo mpaka ufukoni mwa bahari Florida. Kwa hiyo mtu wa kwanza kutembea na radio ya namna hiyo alikuwa bibi arusi.

Sarnoff ndiye aliyekuwa anatamani kidude cha kuondoa kelele ya radi kwenye radio. Armstrong alikitafuta miaka mingi, na akakuta kwamba kidude hicho hakiwezekani. Ilibidi kubadilisha namna ya kutuma sauti.

Kwenye AM, sauti inabebwa katika kimo cha wimbi: mtangazaji akisema kwa nguvu, wimbi linapanda, akinong'ona, linashuka. Lakini radi pia inapandisha wimbi. Cheche ya buji ya pikipiki pia. Kipokezi hakiwezi kuchagua. Armstrong akaacha kimo, akaweka sauti katika mwendo: wimbi linakaa na kimo kilekile, lakini linakimbia haraka kidogo ao polepole kidogo kufuatana na sauti. Kisha kwenye kipokezi akaweka sehemu inayokata vichwa vyote vya mawimbi vilingane, kama mtu anayekata ua la nyumba kwa mstari mmoja. Radi ilipanda juu? Imekatwa. Cheche? Imekatwa. Neno halikatwi, kwa sababu halikuwa huko juu.

Watu wa hesabu walikuwa wamesema haiwezi kusaidia. John Carson, fundi mkubwa sana, alionyesha mwaka 1922 kwamba njia hiyo haina faida. Hesabu yake ilikuwa sawa kwa wimbi lenye kupewa nafasi nyembamba. Armstrong aliipa nafasi pana, na kelele ikaanguka. Alipewa hati zake tarehe 26 Desemba 1933. Mwaka uliofuata alijaribu kutoka juu ya Empire State Building, na sauti ikafika safi zaidi ya kilometre 100. Tarehe 5 Novemba 1935 alialika wainjinia New York. Rafiki yake mmoja akatuma kutoka nyumbani kwake Yonkers. Wakasikia maji yakimiminwa kwenye glasi na karatasi ikikunjwa. Kwenye radio ya siku zile vitu vile vilikuwa kelele tu. Sasa maji yalikuwa maji na karatasi ilikuwa karatasi.

Hapa turudi kwenye parkingi ya Kayna, maana sasa tunaweza kujibu.

Kwenye FM, nguvu ya wimbi haipaswi kubadilisha sauti. Ukiwa karibu na antena ao kilometre 20 mbele, mtangazaji anasema kwa kiasi kilekile, mpaka pale wimbi linapokuwa dhaifu kupita mpaka fulani. Hapo kelele inaingia ghafla. Kwa hiyo radio yako ya FM ikipanda na kushuka, tafuta kwanza kwenye pikipiki. Vyombo vingi vya leo vina ujanja wao: wimbi likidhoofika, vinashusha sauti vyenyewe ili kuficha kelele. Njo ile kufifia kwenye mlima. Ukiongeza sauti wakati huo, unajitegea mtego, kwa sababu kona ikifunguka chombo kinarudisha kila kitu. Mawimbi ya FM yanakwenda karibu moja kwa moja kama mwanga, na inchi yetu ni ya milima. Dawa ya kwanza ni antena. Kwa FM, waya ulionyooka wa karibu sentimetre 75 ni kipimo kizuri. Ule uliosukumwa na kuviringwa chini ya kiti haufai kitu.

Ikiwa sauti inafuata gazi, inapanda ukikoleza na kushuka ukipunguza, lawama si ya radio wala ya hewa. Ni umeme. Betri imechoka, ao waya wa masi umefungwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu. Injini ikikimbia umeme unapanda, ikipumua unashuka, na bafle zinaufuata. Na ile trrrr ya cheche, ikiingia hata kwenye FM, angalia buji: kuna zile zenye kupunguza kelele ya radio, nyingi zina herufi R kwenye nambari yake. Pikipiki kubwa za Marekani na Japani zinapima mwendo na kuongeza sauti upepo ukizidi. Vyombo vingi vya sokoni kwetu havina waya wowote wa kujua mwendo, hata kama karatoni inaahidi. Usilipe feza ya ziada juu ya maandishi ya karatoni.

Armstrong mwenyewe alifikiri mambo yatakuwa rahisi baada ya 1935. Mashini ni bora, watu wamesikia, basi. Kumbe RCA ilikuwa na vituo na viwanda vya AM vyenye kuleta feza nyingi, na Sarnoff alikuwa ameweka tumaini lake kwenye televizyo. Armstrong aliombwa atoe vyombo vyake kwenye Empire State Building. Akaamua kujenga mwenyewe. Aliuza sehemu ya hisa zake, akasimamisha mnara wa karibu mita 130 pale Alpine, upande wa pili wa mto Hudson, ukitazamana na Yonkers ya utoto wake. Ulianza kazi kwa nguvu yake yote mwaka 1939.

Wengine walifuata. Karibu mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut walitia FM ndani ya motokari zao, na ikaonekana wazi kwamba chombo kinachotembea, chenye injini na cheche, njo kinaihitaji kupita nyumba. RCA ilitaka kumpa dola milioni 1 mara moja tu ili itumie FM. Akakataa. Makampuni madogo yalikuwa yanamlipa kwa kila radio, na yeye aliona si haki mkubwa alipe kidogo kuliko wadogo. Wengi walimwambia achukue. Mimi ningechukua, naona. Lakini mimi si yeye.

Vita ya pili ilipofika aliliachia jeshi la Marekani litumie FM bure. Askari walibeba radio za FM mgongoni, na vifaru vilisemezana kwa FM. Vita ikaisha, na tarehe 27 Juni 1945 tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, FCC, ikahamisha FM kutoka mahali ilipokuwa, kati ya megahetsi 42 na 50, ikaipeleka juu, huku tunakoisikia leo, kati ya 88 na 108. Radio za FM mamia ya maelfu zilizokuwa nyumbani mwa watu zikawa vitu vya kuweka kabatini. Mnara wa Alpine ilibidi utengenezwe upya. Unapozungusha kisukumizi kutafuta kituo chako kwenye 90 na kitu, unagusa matokeo ya uamuzi ule.

Mwaka 1948 alishitaki RCA. Maavoka walimwuliza maswali miezi kwa miezi, wakivuta wakati, na wakati ulikuwa upande wao: hati zake ziliisha Desemba 1950. Hakuna aliyepaswa kumlipa chochote tena kwa radio mpya. Feza zilikwenda kwa maavoka na kwa mnara. Shingo na bega vilirukaruka zaidi. Nyumbani alikuwa anaongea kesi asubuhi, kesi mchana, kesi usiku. Mwezi wa Novemba 1953 Marion alimsihi akubali mapatano na wapumzike. Wakagombana, naye akampiga mkono kwa chuma cha kuchochea moto. Marion aliondoka akaenda kwa dada yake. Miaka 30 ya ndoa, karibu.

Usiku wa tarehe 31 Januari 1954 kuamkia tarehe 1 Februari, alimwandikia bibi yake barua ya kuomba musamaha, akavaa koti, kofia na glovu, akajitupa kutoka kwenye nyumba yao ya etaji ya 13. Alikuwa na miaka 63. Ilikuwa miaka 41 kamili tangu siku alipotia mchoro wake muhuri. Mtu aliyepanda minara maisha yote bila kuanguka.

Marion hakuacha. Desemba mwaka huo RCA ilikubali kulipa zaidi kidogo ya dola milioni 1, karibu kiasi kilekile alichokuwa amekikataa bwana yake miaka 14 nyuma. Kisha akafuata makampuni mengine moja moja. Yeye aliyekuwa amechoka na kesi, sasa alizibeba peke yake miaka 13, na akazishinda. Mnara wa Alpine ungali umesimama. Mwaka 2001, majengo mawili ya World Trade Center yalipoanguka na antena zake, televizyo za New York zilirudi kutumia mnara huo.

Kampuni ya mwisho kukataa ilikuwa Motorola, ile iliyopata jina lake kutokana na radio za ndani ya motokari, na iliyokuwa imetengeneza radio za FM za askari wakati wa vita. Mwaka 1967 Korti Kuu ilikataa kuisikiliza tena, ikabidi ilipe. Marion aliishi mpaka 1979.